Mitungi Minne ya Muratina

Rumande ya Wanawake, Nyeri
3 Juni 2024

Kwa dada yangu Njoki,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ndani. Natumai u mzima, ng'ombe ni wazima, na mtoto wangu Lavender anakula na kulala. Mimi niko tu. Kifua kinanibana asubuhi kwa sababu ya baridi ya hii sakafu, lakini nikikwambia ni mgonjwa utasema ni shauri yangu, kwa hivyo niko mzima.

Usishangae naandika kwa Kiswahili. Barua zetu zinasomwa na afande Kinya kabla ya kutoka, na yeye ni wa Meru. Ati Kikuyu yetu inamuumiza kichwa.

Dada, ni miezi mitatu tangu wanikamate pale kwangu mtaani Skuta na hujakuja hata mara moja. Siulizi kwa ubaya. Ulinikataza ile biashara ya pombe ya muratina miaka miwili, nami nikakucheka, nikakuita mama mchungaji. Sasa wanaume watatu walikunywa kwangu Jumatatu jioni, na kufika Jumatano wote walikuwa mochari. Mwai, mtoto wa Wakonyo jirani yako. Mbogo wa makaa. Na kijana anaitwa Kim, hata jina la baba yake sikulijua mpaka niliposomewa kortini. Nikifunga macho namwona Mwai akininyoshea kikombe nimwongezee.

Nataka kitu kimoja tu. Wewe umeokoka tangu tukiwa wasichana, unalijua Neno. Niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu kama mimi ako na nafasi kwa Mungu, ama mlango umefungwa?

Mbusu Lavender. Mwambie mama ako safari.

Mdogo wako,
Kagure


Tetu
29 Juni 2024

Kwa Kagure,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata. Sisi huku tuko salama kwa neema yake. Lavender hajambo, ameng'oka jino la mbele na anaomba kila jioni urudi. Mvua imenyesha vizuri, majani chai ni mengi, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama dume.

Umeniuliza kama mlango umefungwa. Nitakujibu kama Neno linavyosema, si kama dada. Mungu si wa kuchezewa, Kagure. Ulionywa mara ngapi? Ulipanda na sasa unavuna, na watoto wa wanawake wenzako ndio wako chini ya udongo. Kila tone ulilouza litaulizwa siku ile, na huko hakuna wakili. Tubu. Lakini usidhani toba ni kuoga maji moto, mtu akatoka anang'aa na mambo yakaisha. Kuna dhambi zinazobaki na harufu.

Sitakuja kukuona. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, siwezi kuonekana kwenye foleni ya gereza. Na Wakonyo hukaa benchi lililo mbele yangu kila Jumapili. Unajua ni nini kutazama kisogo cha mama aliyezika, ibada nzima, wiki baada ya wiki? Hujui. Usiniulize zaidi.

Nimekutumia sweta na sabuni mbili.

Dada yako katika Bwana,
Njoki


Rumande ya Wanawake, Nyeri
14 Julai 2024

Kwa dada Njoki,

Salamu sana. Sweta imenitosha na sabuni nimegawana na wenzangu. Afande Kinya aliisoma barua yako kabla yangu, akaniletea akitikisa kichwa: "Huyu dada yako ni hakimu wa korti gani?" Nikamwambia ni hakimu wa Tetu, hana rufaa. Tulicheka. Halafu nilienda nikalia, lakini sikukasirika. Niliomba ukweli na ukanipa.

Sasa nikwambie kitu kipya. Wakili niliyepewa na serikali ameniletea karatasi ya mkemia. Ati si muratina iliyowaua. Ni dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Ilikuwa ndani ya pombe.

Nimewaza mpaka nimeelewa. Ile mitungi yangu minne niliinunua Kagio sokoni, imetumika, kwa mtu nisiyemjua. Lazima mmoja ulikuwa umebeba dawa. Niliiosha kwa maji baridi kwa sababu kuni zilikuwa zimeisha. Kuni, dada! Haki ya Mungu, wanaume watatu kwa sababu ya kuni. Kisha chifu akaanza kupita Skuta akivunja milango, nikaileta kwako ikiwa imejaa, ile Jumapili mkiwa kanisani, nikaificha kwa stoo ya ng'ombe bila kukuuliza. Hilo nalo nisamehe. Jumatatu nilipoichukua nilisikia harufu kwenye mtungi mmoja, nikajiambia ni harufu ya zizi imeingia. Nikaongeza asali. Niliongeza asali ndiyo ishuke vizuri.

Kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Siku ya kusomewa mashtaka tena nitakiri, nitasema ni kweli. Nimechoka kubeba.

Unaniombea?

Mdogo wako,
Kagure


Tetu
6 Oktoba 2024

Kwa mdogo wangu Kagure,

Nakusalimu. Natumai kifua kimepona. Najua nimekawia kujibu, ni karibu miezi mitatu. Nimekuwa mgonjwa. Si homa. Ni kutolala, na chakula kukataa kushuka.

Mzee Nderitu wa kanisa alipita Alhamisi akigawa kadi za Meza ya Bwana. Unakumbuka, bila kadi husogei mezani. Aliniuliza kama anavyouliza kila mtu: "Mama, uko na amani na Mungu na jirani?" Nikasema niko. Akaandika jina langu vizuri, akanywa chai, akaenda. Leo ndiyo ilikuwa Jumapili yenyewe. Sahani ya mkate iliponifikia mkono ulikataa. Nikaipitisha mbele, na aliyegeuka kuipokea ni Wakonyo. Aliniangalia kwa huruma, ati anadhani ni wewe unanisumbua moyo.

Kagure, usikubali ile kesi haraka. Mwambie wakili angoje. Hiyo mitungi ya Kagio, una hakika gani? Mtu asikiri asichokijua.

Lavender ni mzima. Anasoma vizuri.

Dada yako,
Njoki


Rumande ya Wanawake, Nyeri
20 Oktoba 2024

Kwa dada yangu,

Salamu, na pole kwa ugonjwa. Uko na nini wewe? Mtu wa kufunga na kuomba siku tatu leo anakataa mkate? Nenda hospitali, upimwe presha.

Wakili hawezi kungoja. Tarehe imetoka: Jumatatu, kumi na nane Novemba. Nikisema ni kweli, anadhani jaji atanipa miaka kumi na mitano. Lavender ako na miaka saba. Nitamkuta mwanamke wa miaka ishirini na miwili, labda na mtoto mgongoni. Nikifika hapo kwa hesabu naacha, nikiendelea nitapasuka.

Kuna mwinjilisti anatutembelea Jumanne, anaitwa Simeon, mzee mpole, viatu vimeisha. Alituambia korti inataka kujua ulifanya nini, lakini Mungu huanza kwa kuuliza uko wapi. Nikamjibu, niko wadi ya pili karibu na choo. Wote walicheka, hata yeye. Lakini lile swali limekataa kunitoka.

Naomba unifanyie kazi moja, na ni ngumu. Nenda kwa Wakonyo. Mwambie Kagure anasema ndiye aliyemuua Mwai, kwa uvivu na kwa tamaa ya pesa, na hajifichi nyuma ya mtu yeyote. Mwambie naomba msamaha, na asiponipa sitamlaumu. Nataka asikie kutoka kwa mtu anayemheshimu kabla asikie kortini.

Nitendee hilo, dada. Sitakuomba lingine.

Mdogo wako,
Kagure


Tetu
3 Novemba 2024

Kagure,

Barua hii nimempa mwinjilisti Simeon mkononi, haipiti mezani kwa Kinya. Hata hivyo kwa Kikuyu siwezi kuiandika. Ningekuwa namsikia marehemu mama akiisoma.

Nilienda kwa Wakonyo na ujumbe wako. Nilimkuta akichuma chai. Aliweka kikapu chini, akalia sana, kisha akanishika mikono yote miwili. Akaniambia, "Asante, Njoki. Wewe unabeba mzigo wa dada yako na huna kosa lolote." Mikono hii, Kagure. Alishika mikono hii.

Si mitungi ya Kagio. Ni mimi.

Ile Jumapili ndiyo walinichagua mwenyekiti. Nilirudi na kitambaa kipya kichwani, watu wamenipigia makofi, nikaenda stoo kutoa chakula cha ng'ombe nikakuta mitungi yako nyuma ya magunia. Pombe ndani ya boma la mtu aliyeokoka! Ningeimwaga. Kila siku najiuliza kwa nini sikuimwaga. Lakini nilijua ukimwagiwa hii utapika nyingine. Nilitaka iharibike mbele ya wateja wako, inuke, wakutemee mate na wasirudi tena. Nilitaka uaibike. Dawa ya kupe ilikuwa kwenye rafu. Nikatia ndani ya mtungi mmoja, ule wa karibu. Niliona ni kidogo. Nikasema kwa sauti, "Bwana, hukumu ni yako, mimi ni mkono tu." Kisha nikafunga stoo nikaenda kuinjika sufuria ya githeri.

Nilidhani hakuna mtu mwenye pua angeinywa. Sikujua kuhusu asali.

Ulipokamatwa nilingoja mtu aje aniulize. Hakuna aliyekuja. Siku moja ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Nikakuandikia ile barua ya Juni, yenye maneno makali. Hayo yote nilikuwa najiandikia mimi, lakini niliweka jina lako juu.

Nimelisoma Neno tangu nikiwa na miaka kumi na sita na nimelitumia kama fimbo ya kupigia wengine. Sasa nikilifungua, kila ukurasa unaniangalia mimi. Najua ya kumwambia mwenye dhambi mwingine. Yangu sina. Nikipiga magoti nasikia tu mbwa wa jirani na maji kwenye bomba. Naogopa kufa na naogopa kuamka. Nifanye nini, Kagure? Niambie wewe.

Njoki


Rumande ya Wanawake, Nyeri
8 Novemba 2024

Njoki,

Leo sina salamu.

Miezi minane! Miezi minane nimekuwa hapa naomba msamaha kwa makaburi, na wewe unanitumia mahubiri na sabuni! Woi, Njoki. Ungeita polisi wanikamate na mitungi yangu, ningekutukana mwaka mmoja halafu tungeongea. Ungenichapa kofi mbele ya wateja, ningekuelewa. Lakini ulitaka niaibike kidogo, ukavaa kitambaa chako ukaenda kupika githeri. Mwai alikufa akiwa haoni, unajua hilo? Aliniita, "Mama Lavender, mbona umezima taa?" Na ilikuwa saa kumi jioni.

Niliita Kinya nimpe barua yako. Alifika mlangoni akauliza ni nini. Nikasema naomba panadol.

Si kwa sababu yako. Ni kwa sababu ya Lavender. Sikiliza vizuri. Ukiingia huku mimi sitoki. Kuuza pombe ni kosa bado, na mimi nilisikia harufu nikatia asali. Tutakuwa ndani sisi wawili, na mtoto wangu atabaki na nani? Baba yake alimkana. Mama alishakufa. Wewe huna mume, huna mtoto, uko na huyo tu, na yeye ako na wewe tu. Kwa hivyo nyamaza. Tarehe kumi na nane nitasema ni kweli na yaishe. Mpeleke shule, mpikie uji, msuke nywele. Hiyo ndiyo hukumu yako, nimekuhukumu mimi. Na usinishukuru, sifanyi kwa mapenzi. Nikikuona leo nitakurarua.

Barua hii anakuletea mama anayetoka leo kwa dhamana, Kinya hataiona. Ichome.

Mama Lavender


Kituo cha polisi, Nyeri
15 Novemba 2024

Kwa mdogo wangu Kagure,

Nakusalimu, hata kama hutaki salamu yangu. Niko kwenye benchi. Afisa wa upelelezi ameenda kutafuta karatasi za kuandikia, amesema nisitoke. Sina mahali pa kutoka kwenda.

Barua yako sikuichoma. Nilikaa nayo siku nne na ilikuwa tamu, sitakudanganya. Nilikula. Nililala. Nikajiambia, haya, Mungu amenisitiri kupitia kwa mdogo wangu. Kisha juzi nikimsuka Lavender akaniuliza, "Tata Njoki, mama alifanya nini mbaya?" Nikafungua mdomo nimjibu, na nikaona nitakavyomfundisha kukuchukia, pole pole, mwaka baada ya mwaka, ili mimi nibaki mzuri machoni pake. Aliyebeba dhambi zangu ni mmoja na hakuwa na kosa. Siwezi kukupandisha wewe msalabani karibu naye.

Nilienda kwa Wakonyo kwanza, kwa sababu si haki asikie kwa redio. Alikuwa anakamua. Nilisema yote nikiwa nimesimama, hata ile ya kunishika mikono. Hakulia. Alimaliza kukamua, akainuka na ndoo, akanimwagia maziwa yote kifuani. Unajua mtu wa kwetu hamwagi maziwa. Akasema, "Toka." Nikatoka. Nilikuwa nimefika langoni aliponiita.

"Na yule mtoto?"

Nikasema sijui, labda serikali itamchukua.

"Mlete hapa. Wewe sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini mtoto hatakula hasira yangu."

Nimempeleka leo asubuhi na nguo zake na ng'ombe wote wawili. Alilia kidogo, kisha akaenda kuangalia kuku.

Nilidhani nikiamua kusema nitahisi mwepesi. Sihisi. Naogopa kufungwa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Lakini ulinipa swali nami nikakutupia mawe, kwa hivyo pokea jibu. Mlango haujafungwa. Sikulipata kanisani, nimelipata langoni kwa mama niliyemuulia mwana, nikinuka maziwa. Kama Wakonyo ameweza kiasi hicho, aliyemuumba Wakonyo anaweza zaidi.

Jumatatu wakikusomea, sema si kweli. Afisa amerudi.

Dada yako,
Njoki


Rumande ya Wanawake, Nyeri
19 Novemba 2024

Kwa dada yangu,

Hujambo huko wadi ya kwanza? Umepata blanketi? Usikubali ile yenye mstari mwekundu, ina chawa. Leo wamesema kwa vile mambo yetu sasa ni ya kesi moja tusikae pamoja wala kuongea. Nimemwomba Kinya nikuandikie, naye atasoma kwanza. Na asome.

Barua yako ya kituoni imenifikia leo, siku moja baada ya korti. Kwa hivyo jana sikujua chochote. Nilisimama pale nikiwa nimejipanga, neno liko kwenye ulimi, na kabla nifungue mdomo wakili wa upande wa mashtaka akainuka akamwambia jaji kuna mtu amejileta polisi na mashtaka lazima yaangaliwe upya. Nikageuka. Nikamwona Wakonyo benchi la nyuma, Lavender amelala mapajani mwake. Kisha nikakuona wewe kati ya polisi wawili, kichwa wazi, umekonda mpaka nikadhani ni mama amefufuka.

Nilikuchukia, Njoki. Nilikuchukia kwa ajili ya Mwai na Mbogo na yule kijana, na kwa ile barua ya Juni, na kwa kukataa zawadi niliyokupa nikiuma meno. Nakwambia ili usidhani yameisha. Labda nitaamka kesho nikikuchukia tena, na kesho kutwa. Simeon anasema nisidanganye kwa maombi, kwa hivyo sidanganyi.

Lakini kuna jambo hukuliona kule nyuma ya korti, maana ulikuwa umefumba macho. Hutufunga pingu wawili wawili kabla ya kupanda gari. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, na habari zilikuwa zimeshafika: yule ndiye wa dawa ya kupe, yule mtu wa kanisa. Kila mmoja akamshika mwenzake haraka. Ukabaki peke yako ukutani. Kinya akauliza, "Huyu atafungwa na nani?" Akauliza mara ya pili, na mmoja akatema mate chini.

Mimi nilikuwa nimeshafungwa na mama mmoja wa Mathira. Najua ulidhani Kinya ndiye aliyechagua, na njia nzima sikukwambia neno, wala sikukuangalia. Si Kinya. Nilimnyoshea mkono nikamwambia, "Afande, fungua hii. Yule ni mtoto wa mama yangu. Mfunge na mimi."

Mdogo wako,
Kagure